Chanjo ya HPV: hudungwi virusi, wadungwa ganda

Tangu Oktoba 2019, chanjo ya HPV ilipozinduliwa hapahapa Mombasa kwa wasichana wa miaka 10, maneno hayajakwisha mitaani. Kwamba mtoto adungwa ugonjwa wenyewe. Kwamba hatazaa. Na liko swali ambalo kwetu sisi Waislamu ni la haki kabisa: kitu hiki kimetengenezwa na nini? Hili la mwisho lina jibu, na ukilielewa, lile la kwanza nalo lajibika.

HPV ni virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha karibu asilimia 70 ya saratani hiyo. Ndani ya kirusi mna DNA, yaani maagizo yake ya kuzaana. Nje mna ganda, na sehemu kubwa ya ganda hilo ni protini moja iitwayo L1. Mwili hukitambua kirusi kwa ganda. Basi wataalamu wakajiuliza, kwa nini tusiuonyeshe mwili ganda peke yake?

Huchukuliwa jeni moja tu, ile yenye maagizo ya kuunda L1. Mithili ya kung'oa ukurasa mmoja kwenye kitabu cha mapishi, kitabu chenyewe ukakiacha. Bakteria nao wana vipete vidogo vya DNA viitwavyo plasmidi. Kipete hukatwa kwa kimeng'enya kinachofanya kazi ya mkasi, jeni ikapachikwa pale, kisha kimeng'enya kingine kikaunga. Kipete hicho hutiwa ndani ya bakteria aitwaye E. coli, ambaye jamaa zake wanaishi matumboni mwetu.

Si bakteria wote wanaokipokea. Kwa hivyo kipete huwekewa pia jeni ya kuhimili dawa fulani ya kuua bakteria. Dawa ikimwagwa, wasio na kipete hufa, wenye nacho husalia. Hapo ndipo wanapolishwa na kuachwa wazaane. E. coli akipata joto na chakula hugawanyika kila dakika 20 hivi. Mmoja wa saa 12 asubuhi, ifikapo saa 6 mchana wamekuwa zaidi ya 260,000, na kila mmoja anaweza kuunda protini ya kirusi asichokijua.

Kisha bakteria hupasuliwa, protini ikachujwa na kusafishwa. Linalonistaajabisha mimi ni hili: L1 hujipanga zenyewe, tano tano, mafungu 72, jumla 360, zikawa mpira ulio sawa na kirusi kwa nje. Ndani hamna kitu, kama kifuu kilichokwisha kukunwa nazi. Pasipo DNA hakuna kuzaana, wala hakuna ugonjwa.

Njia ya bakteria ina taabu zake, maana mara nyingi protini za virusi huvurugika na kugandana humo. Ndiyo maana Gardasil hutumia hamira, ya jamii ileile ya maandazi yetu, na Cervarix seli za wadudu. Wachina waliishinda taabu hiyo kwa Cecolin, inayotoka kwa E. coli, na Shirika la Afya Duniani likaikubali mwaka 2021.

Fatwa si kazi yangu, waulizwe wanazuoni. Ila tukumbuke insulini ya wagonjwa wa sukari ilikuwa ikitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe, hadi mwaka 1982 ilipoidhinishwa ile ya kibinadamu iliyoundwa na E. coli huyuhuyu.

Kuhusu uzazi, kinachoondoa kizazi ni saratani yenyewe, kwani matibabu yake mara nyingi ni kukitoa. Na mzazi mwenye shaka juu ya viungo ana haki ya kumuuliza nesi jina la chanjo na kuomba karatasi iliyomo ndani ya kasha. Viungo vyote vimeandikwa humo.