Dakika Nane Juu ya Amsterdam

Jioni ya tarehe 4 Oktoba 1992, Boeing 747 ya mizigo ya shirika la El Al ilipaa kutoka uwanja wa Schiphol, Amsterdam, kuelekea Tel Aviv. Ikiwa bado inapanda, injini ya tatu ilichomoka baada ya pini zake za chuma kulika kwa nyufa. Ikaigonga ya nne, zote mbili zikadondoka, na ukingo wa mbele wa bawa la kulia ukararuka. Nusu ya mifumo ya haidroliki ikafa.

Marubani waliishikilia ndege hewani kwa dakika nane. Walipopunguza mwendo ili watue, ikalalia upande wa kulia na kuporomokea maghorofa ya mtaa wa Bijlmermeer. Watu 43 walikufa, 39 kati yao wakiwa chini.

Kwa nini ndege iliyotii ikienda kasi iligoma ilipopunguza mwendo? Katika safari ya kawaida, pua ikiinuliwa kidogo, bawa hunyanyua zaidi kidogo. Uwiano huo una mwisho. Pembe ikipita kiwango fulani, hewa huachana na mgongo wa bawa na nguvu ya kunyanyua huanguka ghafla. Bawa lililoraruka hufika huko mapema, na injini za kushoto zikiongezwa nguvu huisukuma ndege kulekule kulikodhoofika. Milinganyo ya mwendo wa namna hii haifuati mstari mnyoofu: kosa dogo si lazima lizae matokeo madogo.

Mbele ya hatari hiyo, mitambo ya kawaida ya kuongoza ndege husahihisha kosa lililokwisha kuonekana. Udhibiti wa kutabiri hutangulia. Kompyuta hubeba kielelezo cha ndege kwa hesabu, hukadiria sekunde chache zijazo, kisha huchagua hatua bora isiyovuka mipaka: usukani wa mkia unageuka hadi wapi, pembe gani isipitwe, injini zina nguvu kiasi gani. Hutekeleza hatua ya kwanza tu, hupima upya, na kuanza hesabu tena, kama mcheza bao anayehesabu kete upya kila mwenzake anapomaliza kucheza. Ubora wake mkubwa ni hiyo mipaka, kwa sababu ndege iliyojeruhiwa huishi karibu nayo kila wakati.

Mbinu hii ilikulia viwandani miaka ya 1970, mikononi mwa Jacques Richalet wa Ufaransa na wahandisi wa Shell nchini Marekani. Kiwanda cha kusafishia mafuta hubadilika polepole, hivyo kompyuta ilikuwa na muda wa kuhesabu. Ndege haingoji: X-29, ndege ya majaribio ya Marekani iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1984, ilirekebishwa na kompyuta zake hadi mara 40 kwa sekunde.

Mwaka 2003 Jan Maciejowski na Colin Jones wa Cambridge waliijaribu mbinu hiyo kwa safari ileile ya Amsterdam, ndani ya kompyuta. Ndege iliongozeka. Lakini walichukulia kwamba mtambo umekwisha kuarifiwa jinsi ndege ilivyoharibika, na marubani wa 1992 hawakuwa na taarifa hiyo. Ndiyo maana kundi la taasisi za Ulaya, GARTEUR, liliichukua ajali hiyo kuwa kipimo cha mitambo inayoweza kuugundua uharibifu yenyewe, na marubani wakaijaribu baadhi yake katika kiigizaji cha urukaji cha Chuo Kikuu cha Delft.