Biashara ya jumla, ya rejareja na ya nje: funzo la Mbarara na Nakivale

Uchumi wa taifa hujengwa kwa jasho la mkulima na mfanyakazi, lakini matunda ya jasho hilo hayana thamani kamili mpaka yamfikie anayeyahitaji. Kazi ya kuyafikisha ndiyo biashara. Nayo ina ngazi tatu: biashara ya nje, inayoingiza na kutoa bidhaa mpakani; biashara ya jumla, inayozihifadhi kwa wingi katika bohari; na biashara ya rejareja, inayomuuzia mwananchi kibiriti kimoja au kilo ya sukari. Ngazi moja ikivunjika, zote hutetereka. Ukweli huo waonekana wazi magharibi mwa Uganda, baina ya mji wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro.

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda walipokimbia machafuko ya kwao. Leo humo wamo watu zaidi ya laki moja, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Wengi hulima mahindi na maharage. Wengine wana maduka, vinu vya kusaga na cherehani. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 huwapa haki ya kufanya kazi na biashara, na ya kusafiri nchini kwa kufuata masharti yaliyowekwa. Kwa hiyo, duka la Nakivale linalofuata sheria si magendo, na mwenyewe si mhalifu.

Bidhaa nyingi za kigeni katika duka hilo hushuka kwanza bandarini Mombasa. Husafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi Kampala, kisha kiasi cha kilomita 270 hadi Mbarara. Hapo mwenye duka hununua kwa mfanyabiashara wa jumla, akakodi gari na kuingia njia za udongo za makazini. Kila hatua huongeza gharama: ushuru, mafuta, bohari, upakuzi na mali inayoharibika njiani. Ndiyo sababu bei ya Nakivale hupita ile ya Kampala. Si kila bei ya juu ni ulanguzi.

Tatizo la kwanza ni umbali wa bahari. Mwezi Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilisimamisha malori, na sehemu ya reli iendayo Uganda iling'olewa mjini Nairobi. Mara moja petroli ikaadimika Uganda na bei yake ikaruka, ingawa ghasia hazikutokea ndani ya nchi.

Tatizo la pili ni mipaka. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, lakini mikataba pekee haifungui njia. Mwezi Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna, unaokabiliana na Katuna, nao ukafunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Mwaka 2020 maziwa ya kiwanda cha Mbarara yalikamatwa nchini Kenya, na Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Uganda kwa muda. Mfugaji na mkulima ndio walioumia kwanza.

Tatizo la tatu ni mtaji na uwezo wa kununua. Mkimbizi hutumia ardhi asiyoimiliki, basi hawezi kuiweka rehani apate mkopo. Tena, mwezi Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza msaada wake kwa upungufu wa fedha, na familia zilizohesabiwa kuwa zinajitegemea zikaondolewa kabisa. Familia isiyo na fedha hukopa dukani. Madeni yakirundikana, mwenye duka hana cha kurudi nacho Mbarara, na mali ya bohari hukaa bila mnunuzi. Hivyo njaa ya makazini huwa hasara ya mjini.

Uganda imekwisha kuonja matunda ya kuvunja ngazi hizi kwa amri. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza wafanyabiashara wa asili ya Asia katika siku 90, na maduka yao wakagawiwa watu wengi wasiojua kuagiza mali wala kutunza hesabu, wakiwemo askari. Mali iliyokuwamo ilipokwisha, rafu zikabaki tupu. Sukari na sabuni zikawa bidhaa za magendo.

Wajibu wa askari na polisi katika jambo hili ni mkubwa. Mlinzi wa mpaka na wa kizuizi cha barabarani hana budi kutofautisha mhalifu apitishaye silaha au mali iliyokwepa ushuru, na mwananchi au mkimbizi mwenye hati halali na gunia lake la maharage. Nyanya zikizuiwa siku mbili bila sababu huoza. Fedha ikidaiwa pasipo stakabadhi, haitoki mfukoni mwa mchuuzi peke yake. Huongezwa katika bei. Na bei hiyo hulipwa sokoni Mbarara na wote, akiwemo mke wa askari anayenunua chakula cha watoto wake. Barabara iliyo salama na yenye haki ni ulinzi wa taifa kama ulivyo mpaka.