Shoka dogo linalookoa jino

Juu ya dawati la shule hapa Mpui kulikuwa na trei ya chuma iliyotandikwa kitambaa safi. Ndani yake mlikuwa na kioo kidogo chenye mpini, sindano butu ya kuchunguzia, kibano cha kushikia pamba, kijiko ambacho kichwa chake hakifikii kichwa cha njiti ya kiberiti, na chombo kimoja chembamba chenye ncha iliyopinda na makali bapa. Hicho cha mwisho ndicho kilichoniteka. Matabibu wa meno hukiita shoka. Hakina waya, hakina betri, hakina bomba la hewa. Nilipouliza mashine ya kutobolea iko wapi, tabibu alijibu huku akipanga pamba: "Hakuna mashine, ndugu mwandishi. Jino la mtoto huyu linahitaji shoka hili, kijiko hiki na mkono usio na haraka."

Tabibu huyo ni mtumishi wa serikali, mzaliwa wa uwanda huuhuu wa Ufipa. Ameomba nisimtaje jina kwa kuwa yeye si msemaji wa halmashauri. Kazi yake ya kila siku, kwa maelezo yake, ni kung'oa. Watu wanafika wamevimba mashavu, hawajalala, nao wanataka jambo moja tu: jino litoke. Siku ya kuziba jino kwake ni siku ya furaha, na furaha hiyo ilionekana usoni mwake asubuhi ile.

Binti wa darasa la tatu alilala chali juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, kanga ya mama yake imekunjwa chini ya kichwa. Tabibu akakaa nyuma ya utosi wake ili mwanga wa dirishani uingie kinywani bila kuzibwa na bega. Akaweka vipande vya pamba pande zote mbili za gego kuzuia mate, akalisafisha jino kwa pamba yenye maji, kisha kwa pamba kavu. Tobo lenyewe lilikuwa doa jeusi ambalo mtu angelidhani ni mabaki ya chakula.

Hapo ndipo shoka likaingia kazini. Aliitia ncha yake kwenye mdomo wa tobo, akaizungusha mbele na nyuma taratibu, mpaka kingo za enameli, lile gamba gumu la nje la jino, zilizobaki bila kitu chini yake zikameguka zenyewe. Doa likawa shimo. Akashika kijiko, akaanza kukwangua. Hakuanzia chini, kama nilivyotarajia. Alianzia kwenye kuta, pale enameli inapokutana na dentini, tabaka la ndani yake, kwa sababu uozo hupenda kutambaa pembeni humo, na ukiachwa, saruji ya kuzibia itashuka juu ya ukuta mbovu. Kilichotoka kilikuwa laini, rangi ya kahawia, na kila mkwaruzo aliufuta kwenye pamba na kuutazama kabla ya kurudi. Alipokaribia kiini cha jino, mahali penye mishipa ya damu na ya fahamu, mkono wake ulipunguza nguvu. Binti hakulia. Sehemu inayokwanguliwa imekwisha oza, haina hisia ya kutisha, ndiyo maana kwa njia hii sindano ya ganzi huhitajika mara chache.

Shimo likapakwa asidi dhaifu kwa sekunde kumi hivi, likaoshwa kwa pamba, likakaushwa. Kisha akamimina unga kidogo na matone ya kimiminika juu ya kipande cha karatasi maalumu, akakoroga haraka, maana saruji hiyo huanza kukaza mara moja. Akaijaza shimoni hadi ikafurika kidogo, akapaka mafuta ya mgando kwenye kidole kilichovaa glavu, akakandamiza kwa kidole hichohicho ili saruji iingie kila kona na kwenye mifereji ya juu ya gego. Akaondoa iliyozidi, akamwambia binti aume meno, akapunguza palipokuwa juu. "Usile kitu kwa saa moja, mwanangu." Kazi haikufika nusu saa.

Nimeieleza kazi hiyo kwa kirefu kwa sababu ya jambo nililolifahamu baadaye, nalo limenikera tangu siku ile. Njia hii haikuletwa Ufipa kutoka mbali. Ilizaliwa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi na shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikutana na tatizo analolijua kila mwanakijiji: mashine ya kuzibia meno inataka umeme, maji na fundi, na vijijini hakuna hata kimoja cha kutegemea. Akajaribu kusafisha meno yaliyotoboka kwa vyombo vya mkono peke yake, kisha kuyaziba kwa saruji inayonata. Mwaka 1986 matokeo ya mwanzo yalitolewa kwenye mkutano wa kisayansi wa chama cha madaktari wa meno wa Tanzania, jijini Dar es Salaam. Mwaka 1991 njia hiyo ikafanyiwa majaribio Thailand, mwaka 1993 Zimbabwe. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka huo ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote. Wataalamu huiita ART, na haihusiani na dawa za VVU zenye herufi hizohizo. Leo inatumika hata katika nchi ambazo umeme haukatiki, kwa sababu inaacha sehemu kubwa ya jino bila kuguswa na haiwatishi watoto.

Tabibu wangu aliposimulia hayo alinyoosha kidole kuelekea milimani. Ufipa ni nchi ya wafua chuma. Malungu, yale matanuru marefu ya udongo, yalitoa chuma cha majembe na mashoka kwenye uwanda huu vizazi vingi kabla ya duka la vifaa kufika. "Sisi hatujawahi kuogopa kazi ya mkono," alisema. "Basi kwa nini kwenye meno tunasubiri mashine?"

Sipendi kulipita swali lake juu juu. Saruji aliyotumia, glasi ionoma, ilibuniwa Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent, na habari zake zikachapishwa mwaka 1972. Inashikana na jino lenyewe na kuliachia floraidi kidogo kidogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Njia ipo, saruji ipo, na kazi yenyewe ilianzia kwetu. Hata hivyo, mgonjwa wa kijijini akisema anakwenda "kutibiwa jino", jirani anaelewa kwamba anakwenda kung'olewa. Imekuwaje?

Tabibu anazitaja sababu moja baada ya nyingine. Saruji ikiisha, kuipata tena huchukua muda, wakati koleo la kung'olea haliishi. Foleni ikiwa ndefu, kung'oa ni dakika chache. Na sababu anayoiona nzito kuliko zote ni kwamba watu wanachelewa. Jino likishafika kwenye kiini, au likishatunga usaha, shoka na kijiko havilisaidii tena. Hapo linabaki la kutibiwa mizizi, huduma iliyo mbali na ya gharama kwa mkulima wa mahindi na alizeti, au la kung'olewa.

Kwa nini wanachelewa? Kwa sababu tobo haliumi mwanzoni. Enameli haina mishipa ya fahamu. Bakteria walio kwenye ukoga, ule utando unaonata juu ya meno, hula sukari tunayokula na kutoa asidi, nayo asidi huyeyusha madini ya jino. Mate huisafisha asidi hiyo na kurudisha madini, lakini yanahitaji nusu saa au zaidi kumaliza kazi. Anayekunywa chai ya sukari asubuhi pamoja na chakula anayapa nafasi. Anayemung'unya pipi, akanywa soda nusu, akaifunika, akairudia baada ya muda, hayapi nafasi kabisa. Uozo ukivuka enameli na kuingia kwenye dentini iliyo laini, unatanuka kwa ndani. Tabibu huwaeleza wazazi wa Mpui kwa mfano wa ghalani: punje iliyoingiwa na dumuzi ina kitundu kidogo nje, ukiivunja unakuta unga mtupu.

Ipo imani kwamba jino linaliwa na funza. Hakuna funza. Imani hiyo inaleta madhara kwa sababu mtu hutafuta cha kumuulia mdudu asiyekuwapo. Tabibu amewaona waliotia maji ya betri kwenye tobo, waliotia petroli, waliobandika kidonge cha asprini kwenye ufizi mpaka nyama ikababuka. Wengine hukaa miezi kwa vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa. Maumivu yakitulia hudhani wamepona, kumbe mara nyingi kiini kimekufa na usaha unajikusanya kimyakimya. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu na shingoni, mtu akashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Kabla hatujaondoka, mama wa binti aliuliza jambo ambalo tabibu anasema huulizwa kila mahali: "Daktari, kwani lingeng'olewa si lingeota lingine?"

"Hapana mama. Hili ndilo la kuzeekea."

Wazazi wengi hawalijui gego hili. Huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, na halisukumi jino lolote litoke. Kwa kuwa mtoto bado ana meno ya utotoni mbele, mzazi huamini na hilo ni la utotoni. Lina mifereji juu inayoshika chakula, mswaki wa mtoto haulifikii, na hakuna anayelichunguza. Hivyo mtoto hupoteza jino la maisha yake kabla hajamaliza shule ya msingi, na hakuna aliyejua kwamba lilikuwa la kudumu. Gego hilo likichunguzwa mapema, mifereji yake inaweza kuzibwa kwa saruji ileile hata kabla halijatoboka.

Hata magego ya utotoni yasidharauliwe. Yanakaa mpaka miaka kumi au kumi na mbili, na yanatunza nafasi ya meno yajayo. Yaking'oka mapema, jirani zao husogea na meno ya ukubwani huota yamepandana.

Utunzaji wenyewe haujifichi. Piga mswaki mara mbili kwa siku, na wa usiku usiukose, maana ukilala mate hupungua. Tumia dawa ya meno yenye floraidi: kwa mtoto chini ya miaka mitatu ukubwa wa punje ya mchele, kwa wa miaka mitatu hadi sita ukubwa wa njegere. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kazini. Mzazi ashike mswaki mwenyewe mpaka mtoto afike miaka saba au nane. Ufizi ukitoa damu usiache kupiga mswaki. Mara nyingi damu hiyo inatokana na ukoga uliokaa, nayo hupungua ukoga ukiondolewa. Ikiendelea, au meno yakaanza kulegea, nenda kwa tabibu. Mswaki wa mti nao unasafisha vizuri ukitumiwa kwa uangalifu, ila floraidi ya dawa ya meno hauna.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa. Hesabu hiyo ni kubwa mno kwa mtu mmoja kuishika. Anachoweza kukishika ni kinywa cha mwanawe. Nani anahakikisha saruji haikosekani kwenye vituo vya vijijini? Bajeti ya halmashauri inaihesabu au inahesabu sindano za ganzi na koleo tu? Maswali hayo niliyauliza, na jibu la kunitosheleza sijalipata. Wanaopanga bajeti wanapaswa kulitoa hadharani.

Wewe msomaji, usisubiri jibu lao. Leo jioni mlaze mtoto wako mahali penye mwanga, mfungue kinywa, tazama gego la mwisho nyuma kabisa. Ukiona doa jeusi, mpeleke kabla halijauma. Na ukifika kwa tabibu, kabla hajashika koleo, muulize: hili linaweza kuzibwa?