Je, Wajua? Uzi Mmoja Watosha Kukutahadharisha

Mwaka 1832, Adolphe Quetelet, mwanahisabati na mwanafalaki wa Ubelgiji, ambaye hakuwa tabibu wala hakukusudia kutibu mtu, alibaini kuwa uzito wa watu wazima hukaribia kufuata mraba wa kimo chao. Na kutokana na hesabu hiyo kikapatikana kipimo kitumikacho hospitalini hadi leo, yaani kilo zigawanywe kwa mraba wa mita, na jawabu likifika 30 mtu huhesabiwa kuwa mnene kupita kiasi.

Lakini mizani, ijapokuwa haisemi uongo, haiwezi kupambanua baina ya nyama na shahamu, wala haijui shahamu hiyo imekaa wapi. Na hapo hasa ndipo penye hatari, kwani mafuta yaliyojificha ndani ya tumbo huzibana figo na kuzifanya zizuie chumvi na maji mwilini, hata shinikizo la damu likapanda na kufikia 140 kwa 90, kiwango ambacho matabibu wengi hukihesabu kuwa maradhi.

Twaa basi uzi uliolingana na kimo chako, uukunje katikati, kisha uuzungushe kiunoni, baina ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga (wajawazito hawamo katika hesabu hii): ncha zisipokutana, kiuno chako kimepita nusu ya kimo, na hiyo ni ishara ya mafuta hayo ya tumboni, hata kama mizani yakusifu. Shinikizo la juu la damu aghalabu halina dalili; tafadhali, nenda ukapimwe.