Demokrasia ndani ya vyama na suala la itikadi

Katiba ya Tanzania hairuhusu mgombea binafsi. Anayetaka urais, ubunge au udiwani sharti asimamishwe na chama. Mpigakura, basi, huchagua miongoni mwa watu waliokwisha kuchujwa na vikao ambavyo yeye hakuwamo. Ndiyo maana demokrasia ndani ya vyama si jambo la wanachama peke yao.

Aghalabu demokrasia hiyo hupimwa kwa kura, yaani nani kapata ngapi. Kipimo hicho hakitoshi, kwani mwanachama anapaswa pia kuwa na sauti katika kuamua chama chake kinaamini nini. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha havikuwa tena mwiko. Uamuzi huo ulikuwa wa kikao, si wa matawi. (Hata lile la Arusha, kusema kweli, lilianzia katika Halmashauri Kuu ya TANU.) Katiba ya chama imeendelea kuutaja Ujamaa na Kujitegemea.

Itikadi inapobaki katika maandishi, uteuzi hugeuka kuwa shindano la watu na makundi yao. Mwaka 2015 makada 38 walirejesha fomu za kuwania urais kupitia CCM, na ni vigumu kueleza walitofautiana wapi kisera. Jina la Edward Lowassa lilipokatwa, wajumbe watatu wa Kamati Kuu walipinga hadharani. Mwezi huohuo alihamia Chadema, chama kilichokuwa kimemshutumu kwa ufisadi kwa miaka kadhaa, nacho kikamsimamisha bila mpinzani. Dk. Willibrod Slaa, aliyekuwa Katibu Mkuu, alijitenga. Lowassa alipata karibu asilimia 40 ya kura, na Machi 2019 akarejea CCM. Katika kwenda na kurudi huko, itikadi haikuwa kikwazo hata mara moja.

Januari 2025 Mkutano Mkuu wa CCM, Dodoma, ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea bila mwanachama mwingine kuchukua fomu. Siku chache baadaye, Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe, aliyeiongoza Chadema tangu 2004, kwa kura 513 dhidi ya 482. Hapo angalau palikuwa na hoja: chama kiikabili vipi Serikali katika kudai mageuzi ya mfumo wa uchaguzi. Tofauti ilikuwa kura 31.