Wasiwasi wa Afya: Vipimo Vinaposema Huumwi na Mwili Unaposema Unaumwa

Wasiwasi wa afya ni hali ya mtu kuogopa kwa muda mrefu kwamba ana ugonjwa mkubwa, na hofu hiyo kuendelea hata baada ya kupimwa na kuambiwa hana. Mwenye hali hii hajisingizii. Maumivu anayoyasikia yapo, na moyo anaouhesabu unakwenda mbio kweli. Kilichokosewa ni tafsiri. Mtahiniwa akiishika tofauti hiyo, ameshika nusu ya mada.

Neno wasiwasi tumelipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni mnong'ono. Jina la kitaalamu la zamani, haipokondria, limetoka kwa Wagiriki wa kale, nao walilitumia kwa sehemu ya mwili iliyo chini ya mbavu. Ni palepale wanafunzi wengi wanapoweka kiganja wanapokuja ofisini kusema, "Mwalimu, nina chembe ya moyo."

Mada hii inakuhusu kwa namna mbili. Kwanza, inaunganisha mambo uliyosoma katika Biolojia kuhusu uratibu wa mwili, yaani neva, tezi na homoni. Pili, hali yenyewe hupenda kujitokeza kipindi hiki hiki, kati ya mtihani wa utamirifu na Novemba, usingizi unapopungua na maneno ya nyumbani kuhusu matokeo yanapoongezeka.

Chukua mfano wa mtahiniwa aliyepanga geto hapa Ikungi kwa sababu kwao ni mbali na shule. Ni saa sita usiku, anasoma. Chakula cha mwisho kilikuwa makande ya mchana shuleni, na tangu jioni amekunywa vikombe vitatu vya chai ya rangi. Ghafla anausikia moyo wake unadunda. Anamkumbuka mzee wa kijijini kwao aliyeanguka katikati ya shamba la alizeti asiamke tena. Wazo linampitia: nami nina moyo. Tangu dakika hiyo hasomi tena. Ameweka vidole shingoni, anahesabu.

Tazama kilichotokea ndani. Njaa, chai na kukosa usingizi vyote huweza kuufanya moyo upige kwa nguvu zaidi, na hapo hapakuwa na ugonjwa. Lakini ubongo ulipopokea wazo la kufa, uliamuru mwili ujiandae kwa hatari. Tezi zilizo juu ya figo zikamwaga adrenalini. Moyo ukaongeza kasi ili kupeleka damu kwenye misuli, mmeng'enyo wa chakula ukapungua na tumbo likasokota, mdomo ukakauka, viganja vikatoa jasho. Hayo yangemfaa sana mtu anayekimbizwa na fisi. Kwa aliyekaa kitini, yanakuwa ushahidi mpya wa ugonjwa.

Kisha anaanza kupumua harakaharaka. Hapa watahiniwa wengi hudhani mwili umekosa oksijeni, kumbe tatizo ni jingine: kupumua huko hutoa kabonidayoksaidi nyingi kupita kiasi, kiwango chake katika damu kinashuka, na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inasinyaa kidogo. Matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi kwenye vidole na kuzunguka midomo, na kifua kubana. Anayepatwa na hayo kwa mara ya kwanza anaweza kuapa kwamba anakufa. Pumzi ikitulia, hali hiyo nayo hutulia.

Asubuhi mwanafunzi wetu anakwenda duka la dawa muhimu kupima presha. Iko sawa. Anapata nafuu mpaka jioni, kisha anajiuliza kama mashine ilikuwa nzima. Anapima tena, sehemu nyingine. Anaazima simu janja ya rafiki yake na kuandika dalili zake kwenye intaneti, na intaneti, ambayo haijui kwamba ana miaka kumi na saba na hajala, inamletea orodha inayoanzia kwenye uchovu na kuishia kwenye kansa. Kila kipimo na kila swali humpa nafuu fupi, na nafuu hiyo ndiyo mtego. Ubongo unajifunza kwamba njia ya kutulia ni kukagua, kwa hiyo kesho unadai ukaguzi mwingine. Katika mada hii yote, hicho ndicho kipengele ambacho watu hukisahau zaidi: kujikagua kupita kiasi huilisha hofu.

Je, basi tusipime? Tupime. Wilaya yetu ina malaria na kifua kikuu kama wilaya nyingine, na kijana anaweza kuwa na wasiwasi na ugonjwa kwa wakati mmoja. Homa inahitaji kipimo cha malaria. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kukohoa damu, kupungua uzito bila sababu, au kuzimia, hayo ni ya kituo cha afya, na asikwambie mtu kwamba ni mawazo tu. Hekima iko katika kupima mara moja, kwa mhudumu anayestahili, kisha kuliamini jibu. Majibu mengine huhitaji kuelezwa vizuri zaidi kuliko tunavyoelezwa. Kipimo cha Widal cha homa ya matumbo, kwa mfano, kinaweza kuonesha alama kwa mtu aliyeugua zamani au mwenye maambukizi mengine, na kwa hiyo kikipimwa mara moja peke yake hakitoshi kuthibitisha ugonjwa. Wapo wanafunzi wanaotembea na "taifodi" ya mwaka mzima na mifuko ya antibiotiki. Dawa hizo zikitumiwa ovyo huzalisha vimelea sugu, na tumbo linaendelea kusokota kwa sababu chanzo chake hakijaguswa.

Hofu ya VVU ina nafasi yake ya pekee, kwa kuwa huambatana na aibu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa Tanzania mwenye miaka 15 anaweza kupima bila kusubiri ridhaa ya mzazi. Kipimo kilichofanywa miezi mitatu baada ya tukio la hatari kikionesha hakuna maambukizi, na hakujawa na tukio jingine, jibu hilo linatosha. Kurudia kupima mara ya nne na ya tano hakuongezi ukweli wowote.

Kwamba hofu inaweza kuushika mwili, na kwamba haikai kwa mtu mmoja tu, historia ya nchi yetu inatuonesha vizuri. Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, mkoani Kagera kwa mipaka ya leo, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali ikaenea. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa walifika 95, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana walipopelekwa kwao, hali ikajitokeza katika kijiji cha Nshamba, ikawapata watu 217. Madaktari walitafuta sumu na vimelea wasivikute, na walimu wa Kashasha hawakupatwa hata mmoja. Watu hupenda kuisimulia habari hii kama kichekesho. Wale wasichana hawakuwa na furaha. Walikuwa na hofu na mahangaiko, na wanaeleza wataalamu kwamba ni msongo uliopita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Hakuna aliyekufa.

Kama hofu hupita kati ya watu, utulivu nao hupita. Lakini msaada una namna yake, na wengi wetu tunasaidia vibaya kwa nia njema. Rafiki akikuuliza kwa mara ya kumi, "Unaona nimevimba shingo?" ukajibu "Hapana" kwa mara ya kumi, umekuwa kama ile mashine ya presha: umempa nafuu ya dakika kumi na umemfundisha kurudi. Ukimwambia "Acha ujinga, huna kitu," umemfungia mdomo, na mnong'ono utaendelea ndani kwa ndani. Jibu linalosaidia lina sehemu mbili: kukiri mateso na kuacha kukagua. Kwa mfano: "Naona umeogopa kweli. Daktari alishakupima Jumanne. Sitaangalia tena shingo, ila nitakaa na wewe hapa, tumalizie hili swali la milinganyo." Linasikika gumu kidogo, lakini ndilo linalomsaidia.

Nchini Zimbabwe kuna mfano mzuri wa watu wa kawaida kufanya kazi hii. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, jijini Harare. Walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Huduma hiyo inaitwa Benchi la Urafiki. Wao hawakutumia majina ya hospitali. Walitumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mwanafunzi wa Ikungi hana benchi hilo, ila mara nyingi ana bibi au shangazi, ana matroni au patroni, ana mwalimu wa ushauri nasaha. Chagua mmoja. Kumwambia mtu mmoja habari yote kunafaa kuliko kuwagawia watu wanane vipande vyake.

Ukimwendea mwalimu, sema kwa mpangilio: ninaogopa ugonjwa gani, nilipima wapi na lini, naiangalia dalili mara ngapi kwa siku, na masomo yameathirika vipi. Swali la "mara ngapi" litawashangaza nyote wawili. Kisha mnaweza kukubaliana kupunguza: aliyekuwa akihesabu mapigo mara ishirini, wiki hii ahesabu mara tano. Hofu itapanda mwanzoni, na ikiachwa bila kulishwa hushuka yenyewe. Kama mtu hali, halali, au ameanza kusema hataki kuishi, hiyo si kazi ya rafiki tena. Mpelekeni kwa mtu mzima siku hiyohiyo. Simu ya mtoto ni 116 na ya Wizara ya Afya ni 199, zote bila malipo. Hospitali ya wilaya inaweza kutoa rufaa, na rufaa ya kwenda Mirembe, Dodoma, si tusi, ingawa mitaani tumelifanya hivyo.

Hali ikikushika ndani ya chumba cha mtihani, weka kalamu chini. Toa pumzi polepole, iwe ndefu kuliko ile unayovuta, mara sita au saba. Usihesabu mapigo. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kisha rudi kwenye swali unaloliweza, hata kama ni la mwisho kwenye karatasi. Ikizidi, nyosha mkono na umwambie msimamizi kwa sauti ya kawaida kwamba unahitaji dakika chache.

Jipime

1. Eleza kwa nini vidole hufa ganzi mtu anapopumua harakaharaka kwa hofu.
2. "Kupima tena kutamtuliza." Jadili kauli hii kwa kutumia mfano wa mtahiniwa wa geto.
3. Rafiki yako anakuuliza kila usiku kama ana ugonjwa wa moyo. Andika mazungumzo mafupi kati yenu, yasiyozidi mistari kumi na miwili.