Fishi ya Usalama: Kila Neno Mahali Pake

Ndugu wafanyakazi, tuseme asidi imemrukia mwenzenu machoni. Fishi ya usalama ya asidi ile iko karibu, kurasa nyingi za maandishi madogo. Nani ana wakati wa kuisoma yote? Macho yanataka maji palepale, maji mengi, dakika 15 au zaidi, na kope zifunguliwe kwa vidole. Mmoja anamwosha, mwingine anatafuta katika fishi maneno ya kumwambia muganga. Atayaona upesi ikiwa tu mwandishi alipanga kazi yake.

Ndiyo sababu fishi hizo zina sehemu 16, na kila sehemu ina namba yake isiyobadilika. Mpango huo umo katika kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya bidhaa za kemia, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2003. Sehemu ya 1 inataja bidhaa na mwenye kuileta, ya 2 hatari zake. Ya 4 ni huduma ya kwanza, ya 5 ni moto, ya 6 ni bidhaa ikimwagika, ya 7 namna ya kuishika na kuiweka katika depo, ya 8 mavazi ya kujikinga. Zingine mtazisoma kwa nafasi, lakini ile ya 4 mwijue kama namba yenu ya matrikuli.

Angalieni faida yake. Asidi sulfuriki ya kuyeyusha shaba, na zantati ya kuelesha madini, ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Asidi inachoma ngozi. Zantati ikishikwa na unyevu inatoa mvuke unaowaka upesi. Lakini kwa vyote viwili unafungua sehemu ileile ya 7 ili kujua namna ya kuviweka, na ileile ya 10 ili kujua vitu ambavyo havipatani navyo.

Siku hizi fishi zinaandikwa kwa ordinateri, na hapo ndipo makarani wengi wanaharibu. Karani anataka kichwa cha sehemu, basi anakuza herufi na kuzitia weusi. Kwa macho ni kichwa. Kwa mashini ni herufi kubwa tu. Haiwezi kutengeneza orodha ya sehemu, wala kukufikisha kwenye sehemu ya 4 kwa kugusa mara moja. Fishi ikihamishwa kwenye simu, herufi zile zinaweza kupoteza ukubwa wake, na kichwa kinachanganyika na maneno mengine kama madini na mchanga.

Njia nzuri ni kutia alama zinazosema kitu ni nini, si kinavyoonekana. Kanuni ya alama inayoitwa XML, ya mwaka 1998, inaruhusu kuzipa majina hata kwa lugha yetu:

<sehemu namba="4">
<kichwa>Huduma ya kwanza</kichwa>
<sehemu namba="4.2">
<kichwa>Dalili</kichwa>
</sehemu>
</sehemu>

Maneno yenyewe yanafuata chini ya kila kichwa. Alama yenye kijistari cha mshazari inafunga kile kilichofunguliwa, na sanduku la ndani lifungwe kabla ya lile la nje. Ukikosea, mashini inakataa maandishi yote. Wengine wanakasirika. Mimi naona afadhali mashini ikatae ofisini kuliko fishi kumdanganya mtu kiwandani. Ukubwa wa herufi unaamuliwa kando, mara moja: herufi kubwa kwa karatasi ya ukutani, ndogo kwa simu, bila kugusa maneno.

Kuna mashefu wanaopenda kuongeza sehemu yao katikati. Hapana! Ukiingiza sehemu mpya baada ya ya 3, huduma ya kwanza inakuwa ya 5, na yule aliyeshika namba 4 atakosa msaada. Shauri la kampuni liingie ndani ya sehemu inayolihusu. Namba ya simu ya hatari ina mahali pake katika sehemu ya 1. Wala msiache sehemu tupu. Kama habari haikupatikana, iandikwe hivyo, kwa maana mtu akiona nafasi tupu atafikiri hakuna hatari.

Na nyinyi akina mama, sehemu mbili zinawahusu nyumbani. Ya 8 inataja mavazi ya kujikinga. Nguo zilizoingiwa na bidhaa zisifuliwe pamoja na za watoto. Ya 13 inaeleza namna ya kuondosha mabaki na mapipa yake. Bwana akileta pipa tupu kutoka kazini, msitie maji ya kunywa, wala unga, wala munkoyo, hata likiwa limeoshwa mara tatu. Lirudi depo, na huko aombe aonyeshwe sehemu hiyo ya 13.